Umio wenye eosinofili: kutibu kwa dawa na kwa mlo, kwa wagonjwa wa Moshi na Arusha

Kuna mtu ambaye kila tonge la nyama lazima alisindikize na maji. Anamaliza kula wenzake wakiwa wameshanawa mikono, chapati kavu anaikwepa, na akipewa nafasi ya kuchagua anachagua mtori. Kwa kawaida hajioni mgonjwa. Akienda zahanati ataambiwa ni vidonda vya tumbo, atapewa dawa ya kiungulia ya wiki mbili, atapata nafuu kidogo kisha atarudi kulekule. Baadhi ya watu wa namna hii, hasa vijana na wa makamo wenye pumu, mafua ya mzio au ukurutu, wana ugonjwa unaojitegemea: chembe nyeupe za damu ziitwazo eosinofili zimejaa kwenye ukuta wa umio, mrija unaopeleka chakula tumboni, mahali ambapo kwa kawaida hazipo kabisa.

Kinachoziita pale ni chakula. Mwili unapambana na protini fulani, mara nyingi ya maziwa au ngano, na ukuta wa umio unavimba. Ukiachwa miaka, uvimbe unageuka kovu, umio unapata pete pete na kuwa mwembamba. Kwa mtoto mdogo dalili ni tofauti: anatapika, anakataa chakula kigumu, analalamika tumbo, haongezeki uzito. Madaktari waliutambua kama ugonjwa wa peke yake mwaka 1993 na 1994 tu, kwa hiyo usishangae ukikutana na mhudumu ambaye hajawahi kuusikia.

Kanuni inayobeba mwongozo huu wote ni hii: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha pima. Ukianza dawa, ukaacha maziwa na ukaacha ngano wiki hiyohiyo, utapona pengine, lakini hutajua kilichokuponya, na utabaki umefungwa na masharti yote matatu maisha yako yote.

Kikikwama sasa hivi

Tuanze na hili kwa sababu halisubiri. Mtu akikwama na nyama, akawa anatema hata mate yake mwenyewe, hiyo ni dharura ya saa chache, si ya kungoja kesho. Apelekwe hospitali yenye kipimo cha kamera, ile inayopitishwa mdomoni hadi ndani ya umio, usiku huohuo. Kamera inapaswa kupita ndani ya saa chache, na kwa vyovyote isizidi saa 24 hata kama mate yanapita.

Usimmezeshe tonge la ugali au ndizi ili lisukume, kama watu wanavyofanya kwa mwiba wa samaki. Tonge la pili linakaa juu ya la kwanza. Papai bichi, ambalo mama ntilie analitumia kulainisha nyama, nalo halifai hata kidogo: kimeng'enya chake hakichagui kati ya nyama iliyokwama na nyama ya umio, na kimeshawahi kutoboa umio za watu. Soda haina uhakika, na kujitapisha kwa kidole kunaweza kuupasua umio. Kaa wima, tema mate, nenda.

Na ukifika, omba jambo moja: daktari akishatoa tonge, achukue vinyama hapohapo, yaani vipande vidogo vya ukuta wa umio vya kupimwa maabara. Wengi wanatolewa nyama, wanashukuru, wanarudi nyumbani, na nafasi ya kujua ugonjwa inapotea mpaka watakapokwama tena.

Kuwa na uhakika kwanza

Huku kwetu Kaskazini hili lina uzito wa pekee. Saratani ya umio inaonekana sana Afrika Mashariki, na dalili yake ya kwanza ni hiyohiyo ya chakula kukwama. Mtu mzima anayeanza kukwama, na hasa anayepungua uzito, asijitibu kwa kuacha maziwa. Apite kwenye kamera kwanza. Hospitali ya KCMC pale Moshi wanafanya kipimo hicho. Ukiwa Arusha, uliza katika hospitali kubwa za mjini, na uulize pia vinyama vinasomwa wapi na majibu yanachukua muda gani.

Kuangalia kwa macho hakutoshi. Umio wenye ugonjwa huu unaweza kuonekana safi kabisa kwenye kamera. Vinyama visipungue 6, vitoke angalau sehemu mbili, chini karibu na tumbo na juu zaidi, kila sehemu na kichupa chake. Kwenye fomu ya maabara yaandikwe maneno yasiyo na utata: hesabu eosinofili. Bila hivyo jibu litakuja limeandikwa «uvimbe sugu» na hutajua lolote. Hesabu inayotafutwa ni eosinofili 15 au zaidi ndani ya duara moja la darubini kwenye ukuzaji mkubwa. Kama umekuwa ukitumia omeprazole, dawa ya kiungulia, mwambie daktari kabla ya kipimo. Dawa hiyo inaweza kuzishusha chembe na kukupa jibu la uongo, na wengi hushauriwa kuisimamisha wiki 3 au 4 kabla ya kamera ya kwanza.

Vipimo viwili vinawapotosha watu. Cha kwanza ni damu: eosinofili zikiwa juu kwenye damu, katika mazingira yetu mshukiwa wa kwanza ni minyoo au kichocho, wala damu ikiwa safi haimaanishi umio ni salama. Cha pili ni kipimo cha mzio cha ngozi. Kinakamata mzio wa papo kwa papo, ule wa kuwashwa na kuvimba midomo. Chakula kinachochokoza umio hakikipati vizuri, kwa hiyo usilipe pesa nyingi ili karatasi ikupangie mlo.

Njia ya kwanza: dawa ya kupunguza asidi

Kwa wengi hapa ndipo pa kuanzia, kwa sababu dawa ipo kila duka na bei yake inabebeka. Mtu mzima hutumia omeprazole miligramu 20 asubuhi na 20 jioni, wakati mwingine hadi 40 mara mbili, kwa wiki 8 hadi 12. Mtoto hupimiwa kwa uzito, kwa kawaida miligramu 1 kwa kila kilo kwa dozi moja, bila kupita dozi ya mkubwa, na hiyo aipange daktari. Karibu nusu ya wagonjwa chembe zao zinashuka kwa dawa hii peke yake, hata wale wasio na kiungulia.

Kinachoharibu ni saa. Omeprazole inamezwa nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula, tumbo likiwa tupu. Anayeimeza usiku akienda kulala, au pamoja na chai, anaipoteza. Kidonge cha punje ndani ya ganda kisisagwe. Mtoto asiyeweza kumeza afunguliwe ganda, punje zichanganywe na juisi kidogo ya tunda, azinywe palepale bila kuzitafuna. Kosa jingine ni kuacha wiki ya tatu kwa sababu «nimeshapona». Koo linatulia mapema, ukuta wa umio bado.

Njia ya pili: steroidi ya kumeza

Hii ni dawa ya pumu inayopelekwa mahali pengine. Badala ya kuivuta mapafuni, unaimeza ili ipake umio. Karibu theluthi mbili ya wagonjwa inawafaa.

Ukipewa pampu, hakikisha boksi limeandikwa fluticasone peke yake. Pampu nyingi madukani zimechanganywa na salmeterol, na hiyo haitakiwi hapa. Pampu ya bluu ya salbutamol haihusiki kabisa. Mtu mzima huanza na mikrogramu 880 hadi 1,760 kwa siku, zikigawanywa mara mbili. Kwa pampu ya mikrogramu 250, mipulizo miwili asubuhi na miwili usiku inafika 1,000. Tikisa pampu, toa pumzi, shika pumzi hapohapo, funga midomo kwenye pampu, puliza mdomoni, meza, ndipo upumue. Usitumie spesa, lile dude la plastiki la wagonjwa wa pumu: kazi yake ni kuifikisha dawa mapafuni, na wewe huitaki huko. Mgonjwa mwenye pumu anayetumia pampu mbili kwa namna mbili tofauti azifunge rangi au aziandike, maana kuchanganya ni rahisi sana.

Ukipewa budesonide ya nebulaiza, ile ya vichupa vidogo vya plastiki, lazima ifanywe nzito kwanza, maana ikiwa maji itateremka tumboni kwa sekunde moja. Mtu mzima hutumia miligramu 1 mara mbili kwa siku, mtoto chini ya miaka 10 kwa kawaida miligramu 1 kwa siku nzima. Vichupa vya miligramu 0.5 vina mililita 2 kila kimoja, basi vunja viwili kwenye kikombe kidogo, ongeza asali vijiko viwili vya chai au pakiti 5 za gramu moja za sukari ya sucralose, koroga hadi iwe kama sharubati inayoteleza polepole kwenye kijiko. Meza kidogo kidogo kwa dakika tano, futa kikombe kwa kijiko hadi kikauke. Kikombe kikubwa ni hasara, nusu ya dozi inabaki ukutani. Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali. Usichanganye na mtindi, hasa kama umeacha maziwa.

Baada ya pampu au sharubati, dakika 30 usile wala usinywe chochote, hata maji. Kisha sukutua na uteme. Wakati mzuri zaidi ni baada ya kifungua kinywa na baada ya kupiga mswaki usiku. Utando mweupe mdomoni, au maumivu mapya ya kumeza, ni fangasi. Inatibika, usiache steroidi kwa hofu, rudi tu kliniki.

Onyo moja tusilipite haraka. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU zenye ritonavir, pamoja na zile zenye atazanavir, amwambie daktari kabla ya yote. Ritonavir inazuia mwili kuvunja fluticasone na budesonide, kwa hiyo dawa ya kupaka umio inageuka steroidi ya mwili mzima: uso unavimba, sukari inapanda, tezi za adrenali zinalala. Omeprazole nayo inaizuia atazanavir kufyonzwa. Mwenye dawa hizo mara nyingi njia yake bora ni mlo.

Vidonge vya prednisolone kwa miezi si tiba ya ugonjwa huu. Vinaweza kumwamsha mnyoo wa strongiloidesi aliyejificha na kumsambaza mwilini, jambo linaloua. Kuna pia sindano ya dupilumab, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2022 kwa kuanzia miaka 12 na mwaka 2024 kwa watoto wa kuanzia mwaka mmoja wenye kilo 15 au zaidi. Inafanya kazi, ila bei yake iko mbali na mifuko ya wengi wetu.

Njia ya tatu: mlo

Hapa ndipo jiko la Kilimanjaro na Arusha linapotusaidia kuliko tunavyodhani, na ndipo pia linapotutega.

Vyakula sita vinavyoshukiwa ni maziwa, ngano, mayai, soya, jamii ya karanga na korosho, na samaki pamoja na viumbe vya majini. Zamani mgonjwa aliambiwa aache vyote sita kwa mara moja. Siku hizi sababu ya kuanza na vichache ni nzuri: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2023 uliwalinganisha watu wazima kwa wiki 6, na walioacha maziwa tu walitulia asilimia 34, walioacha vyote sita asilimia 40. Tofauti hiyo haifidii taabu. Nao Wahispania, mwaka 2018, walianza na maziwa na ngano, wakapata asilimia 43 kabla ya kulazimika kuacha kingine. Ushauri wetu ni kuanza na maziwa peke yake, au maziwa na ngano kama dalili zinakusumbua sana, kwa wiki 6 hadi 8, kisha kamera. Ukishindwa, ongeza mayai na soya. Kuacha vyote sita kuwe hatua ya mwisho.

Kuacha maziwa hapa maana yake si kuacha glasi ya maziwa tu. Ni chai ya maziwa, mtindi, mgando, kitawa, loshoro, siagi, samli ndani ya pilau, na mkate uliokandwa kwa maziwa ya unga. Bibi atasema maziwa ya ng'ombe wa nyumbani hayana dawa. Kweli hayana, lakini protini ni ileile, iwe ng'ombe wa zizini au pakiti ya dukani. Ya mbuzi nayo yanafanana mno na ya ng'ombe, si mbadala. Kuchemsha sana hakutoshi. Tui la nazi linaruhusiwa, ila usilihesabu kama chanzo cha kalisi. Kwenye lebo za dukani tafuta maneno milk, whey na casein. Soseji, biskuti na viungo vya pakiti ndiko yanakojificha.

Ngano ni chapati, mandazi, mkate, tambi, keki, manda za sambusa. Ugali, wali, ndizi, viazi, magimbi, mihogo, makande, uji wa ulezi na vitumbua vya mchele vyote ni ruhusa, ila muulize muuza vitumbua kama ameongeza unga wa ngano na kama anakaangia mafuta ya mandazi. Mtu wa Ulaya akiacha ngano jiko lake linatikisika. Kwetu ni kifungua kinywa tu kinachobadilika.

Mtego mkubwa kuliko yote ni unga wa lishe. Ule unaofungwa kwenye mifuko katika masoko ya Mbuyuni au Kilombero mara nyingi una soya na karanga, wakati mwingine ngano, wengine wanatia dagaa. Yaani mtoto aliyekatazwa vyakula sita anaweza kuvinywa vinne kwenye kikombe kimoja cha asubuhi, na mama anasema mlo umeshindwa. Nunua ulezi mzima, uchague, uoshe, uukaushe, usage wenyewe. Kama mashine ni ya kila mtu, mwombe fundi asage mahindi kidogo kwanza kuisafisha, ule wa mwanzo wape kuku.

Mtori wa mgonjwa unapikwa hivi. Nyama ya ng'ombe yenye mfupa nusu kilo, ichemshwe kwa maji na chumvi hadi iachie mfupa kabisa, saa moja na nusu au zaidi. Menya ndizi mshare kumi, katakata, ziive ndani ya supu hiyo pamoja na kitunguu na karoti. Toa nyama, ponda ndizi kwa mwiko hadi pasiwe na bonge. Nyuzi za nyama ndizo zinazokwama, kwa hiyo ikatekate dhidi ya nyuzi, midogo kama punje za mchele, au tumia nyama ya kusaga. Wapishi wengi humalizia kwa maziwa au kijiko cha siagi. Hapo ndipo pa kumwambia mapema: «Shangazi, mtori wa huyu mwongezee supu, usitie maziwa wala siagi.» Ukitaka ulaini, kijiko cha mafuta ya alizeti kinatosha.

Anayeacha maziwa, hasa mtoto, apate kalisi pengine. Mtoto wa miaka 4 hadi 8 anahitaji miligramu 1,000 kwa siku, wa 9 hadi 18 anahitaji 1,300. Kama samaki haijakatazwa, dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni msaada mkubwa, wasagwe wakipenda. Sukuma wiki inatoa kalisi vizuri kuliko mchicha, ambao unaishikilia usiachie. Ikibidi, vidonge. Mpime uzito kila mwezi. Mtoto asiyeongezeka kwa miezi miwili mlo wake upitiwe upya na mtaalamu wa lishe kabla ya kukata chochote kingine.

Shule za bweni ziandikiwe barua fupi yenye orodha ya ruhusa, si ya makatazo tu, maana matroni mwenye orodha ya makatazo atampa mtoto wali mtupu. Kuhusu Desemba, familia nzima ikipanda Moshi, kipaimara na harusi vikifuatana: kama kamera yako ni Januari, usianze jaribio la mlo Novemba. Subiri. Jaribio lililovunjwa mara tano linasomeka kama lililoshindwa.

Kurudisha chakula

Umio ukitulia, rudisha kimoja kimoja, ukianza na chenye mashaka madogo. Kama uliacha vinne, soya itangulie na maziwa yawe ya mwisho. Kila kimoja kiliwe kila siku kwa kiasi cha kawaida, wiki 6 hadi 8, kisha vinyama tena. Ndiyo, ni kamera nyingi na ni gharama, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kuanza na kimoja au viwili. Usiamue kwa hisia: wapo wanaomeza vizuri huku chembe zikiwa 40, na wapo wanaokwama chembe zikiwa zimeisha, kwa sababu ya kovu. Aliyewahi kuvimba au kuwashwa mara baada ya kula chakula fulani asikirudishe nyumbani, afanyie hospitali.

Umio ukishakuwa mwembamba

Kovu halisikii dawa wala mlo. Daktari huupanua umio kwa puto au mpira maalumu, polepole, si zaidi ya milimita 3 kwa mkupuo, hadi kufikia milimita 16 au zaidi. Kifua kuuma siku moja au mbili ni kawaida. Maumivu makali, homa, au ngozi ya shingo kusikika kama inapasuka ukiigusa ni kurudi mara moja. Upanuzi hauondoi uvimbe, kwa hiyo dawa au mlo unaendelea.

Kuendelea

Wengi wakiacha tiba chembe zinarudi ndani ya miezi. Dozi inaweza kupunguzwa baada ya vinyama safi, kwa mfano steroidi hadi nusu, na kamera nyingine baadaye ithibitishe kwamba nusu inatosha. Mtoto kwenye steroidi apimwe urefu kila baada ya miezi michache.

Kila unapokwenda kliniki beba daftari lenye tarehe ulipoanza kila dawa au kuacha kila chakula, mara ulizokwama na kwa chakula gani, na majibu ya patholojia yenye namba. Picha za kamera peke yake hazitoshi: daktari mpya atauliza eosinofili zilikuwa ngapi juu na ngapi chini, na kama karatasi haina, omba maabara wahesabu upya kwenye vioo vilevile kabla ya kukubali kupimwa tena.